Neno Moja, Vitu Viwili: Uhakiki wa Lugha ya Kupima Umbali wa Nyota Zinazopwita kwa Kuzingatia Wasomaji wa Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotumika kueleza mbinu ya kupima umbali wa nyota zinazopwita, hasa zile ziitwazo sefeidi. Hoja kuu ni kwamba mbinu hiyo imesimama juu ya tofauti chache za dhana, na kwamba maneno yanayotumika kwa mazoea huzifuta tofauti hizo kabla msomaji hajazifikia. Gitega na Muyinga zimechukuliwa kuwa mahali pa kuipima hoja hiyo, kwa kuwa msomaji wa huko huja kwenye Kiswahili akitokea Kirundi na mara nyingi hukutana na sayansi kwa Kifaransa. Inapendekezwa kwamba ufafanuzi uanzie kwenye kitenzi na sentensi kamili, na orodha ya nomino zilizobuniwa ije baadaye.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamishia Gitega makao ya utawala wao wa Burundi kutoka Usumbura. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya makarani, askari na wafanyabiashara waliokuja na utawala huo. Mwezi Machi wa mwaka huohuo, Kituo cha Uangalizi wa Anga cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilitoa waraka mfupi wa matokeo ya kazi ya Henrietta Swan Leavitt kuhusu nyota 25 zilizomo katika Wingu Dogo la Magellan. Waraka huo ulionyesha kwamba nyota inayochukua siku nyingi zaidi kukamilisha pigo lake ndiyo inayotoa nuru nyingi zaidi. Hapo ndipo wanadamu walipopata kipimo cha kufikia umbali ambao hakuna chombo cha wakati ule kilichoweza kuufikia.

Matukio hayo hayana uhusiano wowote wa kihistoria. Yanakutana leo katika suala la lugha. Kiswahili kilichoingia Gitega kama lugha ya amri na biashara kilipunguziwa nafasi chini ya Wabelgiji, waliokipa Kirundi na Kifaransa kipaumbele. Kiliendelea kuishi katika mitaa ya Waswahili, masoko na njia za wasafiri, na kimepata nafasi mpya shuleni tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Hata hivyo, Kiswahili huko ni somo. Hakijawa lugha ya kufundishia sayansi. Kwa hiyo, andiko la Kiswahili kuhusu nyota linapomfikia msomaji wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, halina mwalimu wa fizikia wa kusahihisha palipopinda. Linasimama lenyewe au linaanguka lenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kulihakiki kwa ukali.

2.0 Mbinu na Tofauti Zinazoibeba

Uhakiki wa istilahi usioanza na jambo lenyewe huishia kuwa ubishi wa ladha. Mbinu inayojadiliwa ina hatua tatu. Kwanza, mtazamaji huangalia nyota usiku baada ya usiku na kuandika jinsi mng'ao wake unavyopanda na kushuka, mpaka ajue siku zinazopita kati ya kilele kimoja na kingine. Pili, kwa kutumia uhusiano aliouonyesha Leavitt, siku hizo humwambia ni nuru kiasi gani nyota inatoa kwa kweli. Tatu, hulinganisha nuru hiyo inayotolewa na ile kidogo inayomfikia. Kwa kuwa nuru hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, yaani umbali ukiwa mara mbili nuru hubaki robo, tofauti ya viwango hivyo viwili hutoa umbali.

Mfano wake uko wazi kwa mkazi wa nchi ya milima. Mtu aliyesimama Gitega usiku huona taa kwenye kilima cha ng'ambo. Macho yake hayawezi kumwambia kama ni taa hafifu iliyo karibu au taa kali iliyo mbali. Akiarifiwa kwa njia nyingine ukali wa taa yenyewe, umbali huanza kukadirika. Upwitaji wa nyota ndio taarifa hiyo ya njia nyingine.

Maelezo haya yanabebwa na tofauti tatu: kati ya kumeta na kupwita, kati ya mng'ao unaoonekana na nuru inayotolewa, na kati ya kujua uwiano wa umbali na kujua umbali wenyewe. Leavitt alikuwa na uwiano tu. Nyota zake zote zilikuwa katika wingu moja, hivyo zingeweza kuchukuliwa kuwa na umbali unaokaribiana, lakini umbali huo haukujulikana. Ilihitajika kwanza kupimwa umbali wa sefeidi zilizo karibu kwa njia tofauti. Ndiyo maana wanaastronomia huzungumzia ngazi ya umbali, ambayo kila kipago chake hukanyagwa kwa kutegemea kilicho chini yake. Istilahi inayofaa ni ile inayoziacha tofauti hizi tatu zikiwa hai.

3.0 Kumeta, Kugeuka na Kupwita

Kosa la kwanza huanzia kwenye jina la nyota hizi. Maelezo mengi ya Kiswahili huziita nyota zinazometameta. Kumetameta ni kitenzi kizuri na cha kale, lakini kinataja jambo jingine kabisa: mtikisiko wa nuru unaosababishwa na hewa ya dunia. Kila nyota humeta, na hakuna umbali wowote unaoweza kupatikana kutokana na kumeta kwake. Msomaji anayeambiwa kwamba umbali hupimwa kwa nyota zinazometa atatoka nje, ataona anga lote likimeta, na ataona kwamba ama andiko linamdanganya au nyota zote zinafaa. Hitimisho zote mbili si za kweli, na kosa si lake.

Jina la pili, nyota geugeu, lina upungufu wa aina nyingine. Ugeugeu katika Kiswahili ni sifa ya kukosa uaminifu. Mtu kigeugeu hategemewi. Sefeidi ina thamani kwa sababu hurudia pigo lake kwa uaminifu ambao saa nyingi zingeuonea wivu. Nyota badilifu ni bora, na linafaa kwa kundi pana la nyota zote ambazo mng'ao wake hubadilika, zikiwemo zinazofunikwa na nyota wenza na zile zinazolipuka. Lakini kwa sababu ya upana huo, haliwezi kutumika kwa aina hii moja.

Kupwita ndicho kitenzi kinachostahili. Mshipa hupwita, jipu hupwita, utosi wa mtoto mchanga hupwita: katika kila mfano kuna kitu kinachotanuka na kunywea kwa mpangilio, na nguvu inayokisukuma inatoka ndani. Ndivyo hasa sefeidi inavyofanya. Katika tabaka la nje la nyota hiyo, heliamu inapobanwa huzuia nuru isipite. Joto hukusanyika na kulisukuma tabaka nje. Tabaka likishatanuka huwa angavu zaidi, joto hutoroka, na uzito hulirudisha chini. Neno hili lina faida nyingine: huizuia sefeidi isichanganywe na pulsa, zilizogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell Burnell. Licha ya jina lake, pulsa haipwiti. Ni mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutupa miali mfano wa mnara wa taa baharini.

Kwa msomaji anayetokea Kirundi kuna jambo la ziada. Hata neno la msingi, nyota, lina mtego wake, kwa kuwa inyota katika Kirundi ni kiu, na nyota huitwa inyenyeri. Kitenzi kupima, kwa upande mwingine, kinamkaribisha bila taabu, kwani Kirundi kina gupima kwa maana ileile. Mwandishi makini angeanza na kile kinachoshirikiwa na kukitaja wazi kile kinachodanganya. Mstari mmoja wa tahadhari mwanzoni mwa andiko ungemtosha mwanafunzi wa Muyinga, lakini mstari huo ni nadra kuonekana, kwa kuwa mwandishi humdhania msomaji wake kuwa mzawa wa pwani au wa mji mkubwa wa Tanzania au Kenya.

4.0 Mng'ao, Nuru na Mwendo

Tofauti ya pili ndiyo moyo wa mbinu, na ndiyo inayoumizwa zaidi. Kiswahili kina utajiri wa maneno: mwanga, mwangaza, nuru, mng'ao, wangavu. Utajiri huo hutumiwa kama mapambo. Neno moja likishatumika katika sentensi ya kwanza, jingine huletwa katika ya pili ili kuepuka marudio, na msomaji hawezi kujua kama kinachozungumziwa ni kilekile au ni kingine. Katika insha ya kawaida desturi hiyo ni adabu ya mtindo. Katika maelezo ya kupima umbali, huko ni kuivunja mizani. Inafaa neno mng'ao litengwe kwa kile kinacholifikia jicho, na nuru inayotolewa kwa kile kinachotoka kwenye nyota, kisha maneno hayo yarudiwe bila haya kila yanapohitajika.

Suala la mwaka wa nuru linaonyesha udhaifu wa kutafsiri nomino kwa nomino. Msomaji husikia mwaka na kuelewa wakati. Mzungumzaji wa Kirundi, mwenye umwaka wake, husikia vivyo hivyo. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa na suluhisho muda mrefu kabla ya astronomia ya kisasa. Wasafiri wa misafara walisema mahali fulani ni mwendo wa siku tatu, na hakuna aliyedhani kwamba siku tatu ni wakati mtupu. Ulikuwa umbali uliopimwa kwa hatua za mtembeaji. Kwa hiyo, mwendo wa nuru wa mwaka mmoja ni usemi unaojieleza: ni umbali ambao nuru huusafiri kwa mwaka, takriban kilomita trilioni 9.46. Usemi mfupi unaweza kufuata baadaye, baada ya maana kutua.

Mfano wa pili wa hekima hiyo uko katika kitenzi kuandama. Katika miji ya Burundi yenye jamii za Waislamu, Muyinga ikiwemo, mwezi wa Ramadhani huanza mwezi ukiandama. Kitenzi hicho hakitaji tu kuwepo kwa mwezi. Kinataja kuonekana kwake kwa mara ya kwanza baada ya kutoweka. Wazungumzaji wasio na mafunzo yoyote ya sayansi hukitumia kwa usahihi kila mwaka, kwa sababu kuna jambo linalotegemea usahihi huo: kufunga na kufungua. Lugha hii, basi, haikosi uwezo wa kuzieleza mbingu kwa umakini. Kinachokosekana ni waandishi wanaoanzia pale umakini huo ulipo tayari.

5.0 Neno Moja, Vitu Viwili

Huenda ikasemwa kwamba tofauti hizi ni za wanaisimu na kwamba sayansi huendelea bila kujali majina. Historia ya sefeidi zenyewe inakanusha dai hilo. Mwaka 1923 Edwin Hubble alizitambua nyota za aina hii katika wingu la Andromeda, na akakadiria kwamba liko umbali wa takriban miaka 900,000 ya nuru. Makadirio hayo yalitosha kuonyesha kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu. Lakini yalikuwa madogo mno. Umbali unaokubalika leo ni takriban miaka milioni 2.5 ya nuru.

Sehemu kubwa ya kosa hilo ilitokana na jina. Neno sefeidi lilikuwa likifunika aina mbili za nyota: changa na nzito kwa upande mmoja, kongwe na nyepesi kwa upande mwingine. Zote hupwita kwa siku zinazofanana, lakini za aina ya kwanza hutoa nuru takriban mara nne zaidi ya za pili. Katika kuusawazisha uwiano wa Leavitt, aina hizo mbili zilichanganywa. Walter Baade alipozitenganisha na kutangaza matokeo yake mwaka 1952, umbali wa galaksi jirani uliongezeka takriban maradufu. Nyota zilikuwa zilezile na vipimo vya mng'ao vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba kitu kilichokuwa na jina moja kilipata majina mawili.

Tukio hilo ni funzo kwa wanaistilahi wa Kiswahili. Mara nyingi istilahi hupimwa kwa vigezo vya ufupi, ulaini wa matamshi na ulinganifu na mofolojia ya lugha. Vigezo hivyo vina nafasi yake, lakini vinakosa swali la kwanza: je, neno hili linatenganisha kile ambacho hoja inahitaji kitenganishwe? Neno kipindi, kwa mfano, ni fupi na limezoeleka, lakini shuleni ni muda wa somo, na redioni ni matangazo. Neno mzunguko ni laini, lakini humfanya msomaji adhani nyota inazunguka kitu. Kipindi cha mpwito ni kirefu zaidi, na urefu wake ni bei ndogo kuliko kosa.

6.0 Sitiari ya Ngoma na Mipaka Yake

Ufafanuzi unaolenga Gitega una kishawishi chake wenyewe. Si mbali na mji huo ipo Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme, na ngoma za Burundi ziliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Ni rahisi kusema kwamba nyota inapiga ngoma angani. Sitiari hiyo ina mvuto, na inastahili kuhakikiwa sawasawa na istilahi yoyote.

Inafaulu katika jambo moja kubwa. Ngoma kubwa ina sauti nzito kwa sababu ngozi yake hutikisika polepole, na ndogo hulia kwa sauti nyembamba kwa sababu hutikisika haraka. Msikilizaji aliye nyuma ya kilima anaweza kutambua ukubwa wa ngoma bila kuiona. Sefeidi nazo ni hivyo: kubwa hupwita polepole, na kwa kuwa ni kubwa hutoa nuru nyingi. Hapa sitiari inabeba sababu, na sababu ndiyo inayosahaulika zaidi katika maelezo ya kawaida, ambayo hutaja uhusiano wa Leavitt kana kwamba ni bahati.

Inashindwa katika mambo mawili. Ngoma hupigwa na mtu, hailii yenyewe. Msomaji anayeachwa na picha ya mpigaji atatafuta mkono nje ya nyota, ilhali chanzo kiko ndani. Pia, mapigo ya mpigaji hayategemei ukubwa wa ngoma: katika kundi la wapigaji wa Burundi, mwendo huongozwa na ngoma ya kati, inkiranya, na nyingine huufuata. Mdundo ni uamuzi wa mpigaji. Mtikisiko wa ngozi ni tabia ya ngoma. Sefeidi inafanana na mtikisiko, haifanani na mdundo. Mwandishi akiisema tofauti hiyo waziwazi, sitiari inabaki chombo. Akiinyamazia, inageuka pambo linalopotosha, na heshima anayodhani anaipa mila ya Burundi inakuwa ya juujuu.

7.0 Uteuzi wa Nyota ya Mfano

Kasoro ya mwisho si ya neno bali ya mfano. Maandiko hutumia Delta Cephei, nyota iliyolipa kundi jina lake, yenye kipindi cha mpwito cha siku 5.37. Kwa mtazamaji wa Ulaya uteuzi huo ni wa kawaida, kwa kuwa nyota hiyo iko juu sana angani kwake. Gitega, iliyo takriban digrii 3.4 kusini mwa ikweta, huiona kaskazini tu, isiyozidi digrii 28 hivi juu ya upeo, na wakati wake mzuri wa jioni huangukia majira ya mvua.

Iko nyota inayofaa zaidi: Eta Aquilae, isiyo mbali na Altair. Hupita karibu na utosi wa Gitega na Muyinga, huonekana bila darubini, na usiku wa Julai na Agosti, katika kiangazi ambacho Warundi hukiita Ici, huwa juu. Mpwito wake huchukua siku 7.18, yaani zaidi kidogo ya wiki. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kuulinganisha mng'ao wake na wa nyota jirani kila jioni, na katika mwezi mmoja akaona mapigo manne. Tena, historia haiipingi. Edward Pigott aligundua mabadiliko yake mwaka 1784, wiki chache kabla rafiki yake John Goodricke hajagundua yale ya Delta Cephei. Lingekuwa jambo la busara pia kumwonyesha mwanafunzi huyo Wingu Dogo la Magellan, linalofika takriban digrii 20 juu ya upeo wa kusini. Leavitt hakuweza kuliona kutoka Harvard. Alifanya kazi kwa picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Mtoto wa Muyinga analiona kwa macho yake penye giza la kutosha. Andiko lisilomwambia hivyo limemnyima jambo lililo mali yake.

8.0 Hitimisho

Mapendekezo ya makala haya yanaweza kupimwa kwa kipande kimoja cha ufafanuzi kilichoandikwa kwa kuyafuata:

Nyota nyingine hupwita: hutanuka na kunywea, na mng'ao wake hupanda na kushuka. Kupwita si kumeta. Kumeta kunatokana na hewa ya dunia, kupwita kunatoka ndani ya nyota. Nyota kubwa hupwita polepole na hutoa nuru nyingi. Ndogo hupwita haraka na hutoa nuru kidogo. Kwa hiyo, anayehesabu siku za mpwito anajua nuru inayotolewa. Akilinganisha nuru hiyo na mng'ao unaomfikia, anajua nyota iko mbali kiasi gani, mradi tu umbali wa nyota chache za aina hiyohiyo umekwisha kupimwa kwa njia nyingine.

Kipande hicho hakina nomino hata moja iliyobuniwa. Msomaji wa Gitega anayejua Kiswahili cha shule anaweza kukifuata, na akikutana baadaye na neno sefeidi atakuwa na mahali pa kuliweka. Vyombo vya istilahi vya kanda vina kazi ya kusanifu majina, na kazi hiyo ni muhimu. Lakini jina lisilotanguliwa na maana ni kama kipago kisicho na cha chini yake. Hapo ndipo Kiswahili cha sayansi kitakapohukumiwa nchini Burundi: si kwa idadi ya istilahi zake, bali kwa uwezo wa msomaji aliyeko peke yake kwenye kilima, usiku wa Ici, kusoma ukurasa, kuinua macho na kujua ni nyota ipi aiangalie, na kwa nini.